Gitaa Lenye Jina la Hauser: Namna ya Kulikagua Kabla Hujalitia Mkono

Anza kwa kuondoa kila kitu mezani. Tandika blanketi zito, vua mkanda, saa na pete, na kama shati lako lina vifungo vya chuma, vaa aproni juu yake. Gitaa la miaka ya 1930 halikupuliziwa rangi ngumu ya kiwandani. Limepakwa kwa mkono shelaki, ile vanishi ya asili inayoyeyushwa kwa spiriti, tabaka jembamba kuliko karatasi, na kifungo kimoja kinatosha kuacha mkwaruzo ambao mnunuzi ataugundua kabla hajaona kitu kingine chochote.

Watu wakiniletea gitaa linalosemekana kuwa la Hermann Hauser, fundi wa magitaa wa Ujerumani, huanzia kwenye lebo. Tochi inaingizwa kwenye tundu la sauti, kidole kinaonyesha jina na neno München, yaani Munich, halafu wananikodolea macho wakingoja nishtuke. Mimi lebo naisoma mwisho. Karatasi ndiyo kitu rahisi kuliko vyote kughushi katika gitaa zima. Inabandukwa, inachapishwa, inabandikwa upya, yote mchana mmoja. Mbao, gundi na fito za ndani, vile vijiti vinavyoimarisha uso, zina kazi kubwa zaidi kuzidanganya. Basi utaratibu wangu ni huu: kwanza ujue unatafuta nini, kisha ukague mwili, kisha tumbo la ndani, kisha rangi, kisha sauti. Ukifika kwenye lebo utakuwa tayari unajua kama inasema kweli.

Hauser yupi?

Jina hilo limebebwa na mafundi watatu: baba, mwana na mjukuu. Wa kwanza alizaliwa 1882 akafariki 1952, na huyo ndiye wengi wanayemtafuta. Wa pili, 1911 hadi 1988, alifanya kazi pamoja na baba yake kabla ya kuirithi karakana. Wa tatu alizaliwa 1958, na binti yake Kathrin naye ni fundi. Karakana ilikuwa Munich, kisha katika miaka ya 1940 ikahamia Reisbach, mji mdogo wa Bavaria ya Chini, na ukoo huo ungali huko. Kwa hiyo gitaa lenye lebo ya Reisbach na mwaka 1935 limejishtaki lenyewe, hata hulifungui.

Ila tatizo la kawaida zaidi si ughushi. Ni mtu kuwa na Hauser wa kweli asiyemjua. Mzee Hauser hakuanza na gitaa la Kihispania. Baba yake, Josef, alikuwa fundi wa zitha, ile ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mezani, inayopendwa sana Bavaria na Austria, na Hermann alikulia katika kazi hiyo. Alitengeneza zitha, alitengeneza lauti, na alitengeneza magitaa ya mtindo uliokuwa ukipigwa mjini kwake: mwili mdogo, kiuno chembamba, uso wenye fito za kukingama ndani, ukoo wa gitaa la Vienna. Munich wakati huo ilikuwa na wapiga gitaa wake, Heinrich Albert akiwa mashuhuri kati yao, na kikundi cha magitaa manne kilichohitaji gitaa dogo la sauti ya juu na gitaa kubwa la besi. Hauser aliwatengenezea.

Halafu mwaka 1924 Andrés Segovia, mpiga gitaa mashuhuri wa Hispania, akaja Munich. Alikuwa na gitaa lake la 1912, lililotoka karakana ya Manuel Ramírez ya Madrid na kuchongwa na Santos Hernández. Mafundi wa mji walimletea kazi zao azione. Segovia aliona mkono wa Hauser, akaona pia kwamba mkono huo ulikuwa ukitumika kwenye umbo ambalo yeye hakulitaka, akamruhusu alipime gitaa lake na kulichunguza. Hauser alijifunza pia kutokana na magitaa ya Antonio de Torres, yule fundi wa Almería aliyefariki 1892, ambaye vipimo vyake ndivyo mafundi wengi wanavifuata mpaka sasa. Miguel Llobet, mpiga gitaa mwingine wa Hispania, alikuwa akizunguka Ulaya na gitaa la Torres la 1859. Kuanzia hapo Hauser alipeleka kazi baada ya kazi, na Segovia akarudisha jibu lile lile kwa maneno tofauti: bado. Zaidi ya miaka kumi. Gitaa lililokubaliwa ni la 1937. Segovia alilipiga hadi 1962, na alisema wazi kwamba ndilo gitaa kuu kuliko yote ya zama zake.

Ninakueleza yote haya kwa sababu moja ya kikazi. Lebo ya kweli ya Hauser inaweza kukaa ndani ya zitha, ndani ya lauti, ndani ya gitaa la Kiviena la 1915, au ndani ya gitaa la Kihispania la 1938. Zote ni halali. Bei zake hazisogeleani hata kidogo. Mtu aliyerithi gitaa dogo la kiuno chembamba kutoka kwa bibi yake akasoma mnada mmoja kuhusu Hauser wa Segovia, ataumia moyo bure. Kwa hiyo swali lako la kwanza lisiwe kama ni Hauser. Uliza ni aina gani ya Hauser linayodai kuwa.

Mwili, kwa macho na rula

Lilaze gitaa chali, ulitazame kutoka upande wa chini, jicho likiwa usawa wa uso. Gitaa zee huwa na kitumbo nyuma ya daraja, kile kipande cha mbao usoni kinachoshika nyuzi, pale nyuzi zinapovuta kwenda juu. Kitumbo kidogo ni afya. Kinachonitia wasiwasi ni bonde mbele ya daraja, kati ya daraja na tundu la sauti, kwa sababu hilo linamaanisha fito zimechoka au zimebanduka. Weka rula iliyonyooka pande zote mbili, pitisha karatasi chini yake, uandike ulichokiona. Kuandika ni lazima. Ukirudi baada ya mwaka hutakumbuka.

Pima urefu wa uzi: kutoka kizingiti cha kichwani hadi freti ya 12 (freti ni vile vyuma vyembamba vilivyokingama shingoni), kisha zidisha mara mbili. Gitaa la kawaida la nyuzi za nailoni huzunguka milimita 650. Kwenye freti ya 12 pima pia nafasi kati ya uzi na freti. Milimita 3 upande wa uzi wa kwanza na 4 upande wa sita ni sawasawa. Kama nafasi ni kubwa na kipande cha mfupa darajani kimeshachongwa mpaka kikaisha, shingo imepanda mbele, na hapo fundi wa haraka atakwambia atachonga ubao wa vidole. Usikubali siku hiyo hiyo.

Sasa geuza kichwa. Mahali kichwa kinapoungana na shingo, tafuta mstari wa kiungo. Mafundi wengi wa Kihispania hukata mshazari na kugandisha vipande viwili bapa kwa bapa. Hauser alitoka kwenye mila ya Kijerumani na Kiviena, na kiungo chake kinachojulikana ni cha umbo la herufi V: shingo imechongwa ncha, kichwa kimechongwa pango, na ncha imeingia pangoni bila nafasi ya kupitisha unywele. Ni kiungo kigumu kukichonga na hakimpi mpigaji sauti ya ziada hata chembe. Mtu anayeghushi kwa haraka haoni sababu ya kujitesa. Ukikiona, hujathibitisha kitu, maana mafundi wengine waliomfuata Hauser wamekiiga kwa heshima, lakini angalau gitaa halijakudanganya bado. Usipokiona, uliza maswali zaidi.

Mbao za nje huwa hazina siri kubwa. Uso wa gitaa la 1937 ni spruzi, mti wa jamii ya misonobari. Mgongo na mbavu ni rozwudi ya Brazili, mbao ngumu na nzito. Uso wa mwerezi, ule mwekundu, uliingia kwenye magitaa ya aina hii baadaye, katika miaka ya 1960, kwa hiyo ukiukuta kwenye gitaa linalodai kuwa la kabla ya vita, funga kasha tu.

Tumbo la ndani

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi, na hapa ndipo ningependa nawe uutumie. Unahitaji kioo kidogo cha mviringo chenye mpini, kama kile cha daktari wa meno ila kikubwa kidogo, na taa ndogo isiyotoa joto. Kamera ndogo ya waya inayounganishwa na simu inasaidia, lakini kioo kinaonyesha umbali na kimo vizuri zaidi. Legeza nyuzi kwanza kwa hatua mbili au tatu za sauti, usizitoe zote kwa mkupuo. Uso uliozoea kuvutwa kwa miaka mingi haupendi kuachiwa ghafla.

Ingiza kioo, kitazamishe juu, kwenye upande wa ndani wa uso. Kwenye gitaa la Kihispania la Hauser wa 1937 utaona fito saba zilizotandazwa kama kipepeo cha mkono, zikianzia karibu na tundu la sauti na kutawanyika chini ya daraja, na kule mwisho fito mbili fupi zikizifunga kwa pembe. Huo ni mpango wa Torres. Ukikuta fito zimekingama moja kwa moja kutoka ubavu hadi ubavu, bila kutandazwa, uko kwenye ukoo wa Vienna, na kama lebo inataka kukuuzia gitaa la Segovia, hesabu haifanyi kazi.

Lakini mpango wa fito unaweza kunakiliwa na yeyote mwenye mchoro, na michoro ya gitaa la 1937 inauzwa hadharani kwa mafundi wanafunzi. Kwa hiyo usiishie kuhesabu. Tazama mkono. Hauser alisifika kwa usafi wa kazi hata mahali ambapo hakuna jicho lingefika. Fito zimechongwa kwa kisu na patasi. Ukilaza taa pembeni utaona visehemu bapa vidogo vidogo ambako blade ilipita, vikifuatana kwa mpangilio, na ncha za fito zikiyeyuka kwenye uso taratibu bila ngazi. Msasa wa mashine huacha mikwaruzo ya mviringo au mistari sambamba. Nimeliona gitaa moja ambalo nje lilikuwa limechakazwa kwa ustadi kabisa, mikwaruzo ya kucha, jasho la kiwiko, kila kitu, na ndani fito zake zilikuwa na alama za msasa wa kuzunguka zinazong'aa bado. Aliyelizeesha hakuwaza kwamba kuna mtu angeingiza kioo.

Kisha gundi. Fundi wa wakati ule alitumia gundi ya ngozi, ile inayochemshwa kwenye maji. Ikikauka ina rangi ya asali, ni ngumu, inavunjika kama kioo, na tone lililochuruzika kando ya ufito hubaki na ukingo mkali. Gundi nyeupe ya kisasa hubaki na ulaini wa mpira. Ukiisukuma kwa ncha ya kijiti inabonyea. Ukiikuta kwenye kiraka kimoja cha ufa, sawa, mtu alitengeneza ufa. Ukiikuta chini ya kila ufito, ama uso umefunguliwa na kujengwa upya ama gitaa zima ni la juzi.

Viraka vya ufa usiviogope. Gitaa la spruzi lenye umri wa miaka themanini lisilo na ufa hata mmoja ndilo linalonishangaza. Hesabu viraka, viandike mahali vilipo, na uangalie kama nyufa zimekutana vizuri au zimeachana kimo. Swali la maana zaidi ni unene wa uso. Kuna kipimo cha sumaku: kipande kidogo cha chuma ndani, kalamu yenye sumaku na springi nje, unavuta mpaka vinaachana, unasoma milimita bila kufungua kitu. Uso wa gitaa la nailoni huwa takriban milimita 2 hadi 2.5. Ukikuta sehemu kubwa imeshuka sana chini ya hapo, na shelaki juu yake ni mpya na inang'aa mno, mtu alipiga msasa ili kuondoa mikwaruzo. Hilo ndilo jeraha baya kuliko ufa wowote. Ufa unaunganishwa. Mbao iliyokwisha kuwa vumbi hairudi.

Taa ya urujuanimno

Zima taa za chumba, washa taa ya urujuanimno, na vaa miwani yake. Shelaki hung'aa rangi ya machungwa. Rangi ya nitroselulosi, iliyopuliziwa, huelekea kwenye kijani cha manjano. Mahali palipoguswa baadaye huonekana kama doa jeusi au kama kisiwa cha rangi tofauti, hata kama mchana hapaonekani. Dakika tano gizani zinakupa historia ya matengenezo yote ya nje ambayo mwenye gitaa hakuambiwa, au aliambiwa akanyamaza.

Ukiwa bado na taa, imulike lebo kupitia tundu. Karatasi za zamani hubaki na rangi tulivu, ya maziwa yaliyochacha au kahawia hafifu. Karatasi za baada ya miaka ya 1950 mara nyingi zina kemikali ya kung'arisha weupe, ile ile iliyomo kwenye sabuni ya unga. Mteja mmoja alikuwa amesimama kando yangu, mikono nyuma, gitaa lake likiwa na mgongo mzuri ajabu na lebo iliyokunjamana kwa adabu, yenye mwaka wa kabla ya vita na madoa ya kahawia pembeni. Nilipoimulika iliwaka bluu nyeupe kama shati la sare kwenye taa za disko. Madoa yalikuwa chai. Hakusema neno, nami sikusema. Nilimpa taa aishike mwenyewe.

Kumbuka tu kwamba lebo bandia haifanyi gitaa kuwa baya. Lile lilikuwa gitaa zuri la fundi asiyejulikana, lililostahili kuuzwa kwa jina lake mwenyewe.

Sikiliza, lakini usilewe

Baada ya hapo ndipo unaruhusiwa kulipiga. Magitaa ya Hauser ya mtindo wa Kihispania yanajulikana kwa uwazi: kila noti inasimama peke yake hata zikipigwa kadhaa kwa pamoja, besi haifuniki uzi wa kwanza, na noti ya juu kwenye freti ya 12 na kuendelea bado ina mwili. Julian Bream, mpiga gitaa wa Uingereza, naye alipiga Hauser, na ukitaka kuzoesha sikio lako, tafuta rekodi za Segovia za miaka ya 1940 na 1950. Ile ya koncheto, utunzi wa gitaa na okestra, ya Mario Castelnuovo-Tedesco, iliyorekodiwa London mwaka 1949, ni mahali pazuri pa kuanzia, maana unasikia gitaa likipenya okestra bila kupiga kelele.

Ila kumbuka nyuzi. Gitaa la 1937 lilizaliwa kwa nyuzi za utumbo wa mnyama. Nailoni ilikuja katika miaka ya 1940, Albert Augustine akiitengeneza New York, na Segovia alikuwa kati ya walioipokea mapema. Unapolinganisha rekodi ya kabla ya vita na ya baadaye, usimpe fundi sifa ambayo ni ya uzi. Na unapokagua gitaa, weka nyuzi za nailoni za mvuto wa kawaida au mwepesi. Nyuzi za mvuto mkali hufanya gitaa lolote lisikike la ajabu kwa nusu saa, na wauzaji wanalijua hilo.

Piga noti moja moja kwenye kila uzi, polepole, kutoka freti ya kwanza hadi mwisho, ukisikiliza noti inayokufa haraka kuliko jirani zake au inayolipuka ghafla. Kila gitaa linayo mojawapo. Iandike ilipo. Kisha gonga uso kwa kiungo cha kidole, kidogo kidogo, kuzunguka daraja na kandokando. Mlio mkavu wa tak-tak mahali pamoja ni ufito uliobanduka. Usinunue kwa sikio peke yake. Nimewaona watu wenye masikio makali kuliko yangu wakilipia lebo kwa sababu sauti iliwapendeza.

Lebo, pete za mti na watu wa kuandikiwa

Sasa soma lebo. Mji, jina, mwaka, sahihi. Linganisha na yale uliyokwisha kuyaandika.

Kama bado vyote vinapatana na fedha inayozungumzwa ni kubwa, lipia uchunguzi wa pete za mti. Spruzi inayokua baridini huongeza pete moja kila mwaka, nyembamba mwaka mbaya, pana mwaka mzuri, na mfuatano huo unalinganishwa na kumbukumbu za miti ya milima ya Alpi. Uso wa gitaa una pete za kutosha, mara nyingi zaidi ya mia moja kwa kila nusu. Mtaalamu anapiga picha yenye ubora wa juu tu, hagusi mbao. Jibu lake lielewe vizuri: linakuambia mti haukukatwa kabla ya mwaka fulani. Pete ya mwisho ikiwa ya 1948 na lebo inasema 1937, kesi imekwisha. Pete ya mwisho ikiwa ya 1890, hujathibitisha kwamba ni la Hauser. Umejua tu kwamba mbao zinaruhusu. Fundi huhifadhi ubao miaka mingi, na hukata kando zake anapochonga.

Mtu wa kuandikiwa kabla ya mnada wowote ni familia yenyewe, Reisbach. Peleka picha za uso, mgongo, kichwa mbele na nyuma, kiungo cha kichwa, fito kupitia kioo, na lebo. Picha kumi nzuri za mchana ni bora kuliko arobaini za tochi.

Na kama unaweza kufika New York, nenda kwenye jumba la makumbusho la Metropolitan Museum of Art. Gitaa la 1937 limo kwenye hifadhi yao tangu 1986, zawadi ya Emilita Segovia, mjane wa baadaye wa mpigaji huyo, pamoja na lile la Ramírez la 1912 ambalo Hauser alilipima. Mwanafunzi na mwalimu wake wamo jengo moja. Kama huwezi kufika, picha za jumba hilo ziko wazi mtandaoni. Zikuze mpaka uone nakshi ya tundu la sauti kipande kwa kipande, kisha rudi kwenye gitaa lililo mezani kwako.

Likithibitika: usilifanyie hisani

Mwenye gitaa akishapata habari njema, kitu cha kwanza anachouliza ni kama ninaweza kulipaka upya ling'ae. Hapana. Shelaki ya awali, hata ikiwa imechakaa kifuani na mkononi, ni sehemu ya kazi ya Hauser. Palipochubuka naweza kuongeza shelaki mpya kidogo kwa furushi la pamba, kwa spiriti kidogo, bila kuondoa ya zamani. Zaidi ya hapo ni uharibifu unaolipiwa. Hali ni hiyo hiyo kwa vikazio vya nyuzi, daraja na hata freti zilizoisha: kinachotolewa kiwekwe kwenye mfuko wenye tarehe, kikae ndani ya kasha.

Hewa ndiyo adui wa kila siku. Weka kipima unyevu ndani ya kasha, uudumishe kati ya asilimia 45 na 55. Spruzi hupanuka na kusinyaa kukatiza nyuzinyuzi zake, mgongo wa rozwudi unafuata mwendo wake mwingine, na fito zilizogandishwa kukatiza haziendi popote. Ubao ukikauka ghafla hauna pa kusinyaa, unapasuka. Usiliache ndani ya gari juani. Gundi ya ngozi hulainika kwa joto na unyevu, na hiyo ndiyo sababu inapendwa, maana fundi anaweza kufungua kiungo bila kuvunja mbao, lakini gari lililofungwa juani halichagui kiungo. Futa jasho kwa kitambaa cha pamba kila ukimaliza kupiga. Spiriti, manukato na kisafisha mikono viwe mbali kabisa: shelaki huyeyuka kwenye spiriti, na tone moja la kisafisha mikono huacha shimo la mviringo ambalo utalijutia.

Ukitaka kuvuka mpaka

Rozwudi ya Brazili iko kwenye Orodha ya Kwanza, ile kali zaidi, ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 1992. Umri wa gitaa hauliondoi kwenye sheria. Unakupa tu haki ya kuomba cheti kinachoonyesha kwamba mbao zilipatikana kabla ya zuio. Kuuza ndani ya Umoja wa Ulaya kuna masharti yake. Kuingiza au kutoa Ujerumani kunapitia Bundesamt für Naturschutz, ofisi ya uhifadhi wa mazingira, na Marekani kunapitia Fish and Wildlife Service, idara ya samaki na wanyamapori. Mpigaji anayesafiri na gitaa lake bila nia ya kuliuza anaweza kuomba cheti cha ala ya muziki, kinachodumu miaka mitatu. Omba miezi kadhaa kabla ya safari. Huko ndiko daftari lako la ukaguzi, picha za ndani na jibu la pete za mti vinapolipa gharama yake, kwa sababu afisa anataka ushahidi wa umri na hadithi ya bibi haimtoshi.

Mwisho, tazama kizingiti cha kichwani na kile kipande cheupe darajani kwa kioo cha kukuzia. Mfupa una vidoadoa na mistari mifupi myeusi, vijishimo vya mishipa ya damu ya zamani. Pembe ya ndovu haina. Ina mistari hafifu inayopishana kama wavu kwenye sehemu iliyokatwa kukingama. Ukiona wavu, hicho ni kizuizi cha pili forodhani, na kigumu kuliko cha rozwudi. Mwambie fundi akuchongee nakala ya mfupa kwa vipimo vile vile, milimita kwa milimita. Ya awali itie kwenye bahasha, andika tarehe na mahali ilipotolewa, na uiache nyumbani, nje ya kasha la safari.